Madaftari Kumi na Tisa ya Bisera

Bisera alikuwa na madaftari kumi na tisa, na sisi wanawake wa kijiji cha Gorni Shipak tuliyachoma moto. Nalisema hapa mwanzoni, asije mtu akadai kwamba Velika amekula maneno. Velika ni mimi. Nina madarasa manne, niliyamaliza nikiwa wa kwanza, na mwalimu alikuwa akiuonyesha mwandiko wangu kuwaaibisha wavulana. Wenzangu waliobaki husahau walichokula asubuhi. Mimi nakumbuka kwamba siku ile ya moto Bisera alivaa kitambaa cha kichwa cha kijivu, kilichoshonwa kiraka upande wa sikio la kushoto.

Kwetu theluji ikishafunga njia ya mlimani, mwishoni mwa Novemba, hapandi mtu wala hashuki mtu mpaka Machi, labda serikali ikitaka. Wanaume hunywa na kucheza karata. Wanawake husokota sufu na kufuma, na mwanamke ambaye mtambo wake wa kufumia haugongi kutwa huulizwa kama anaumwa. Bisera hakufuma. Alikuwa akitunza nyumba ya kusomea ya kijiji, yenye vitabu mia mbili na jiko linalotoa moshi ndani kuliko nje, na akishaifunga adhuhuri alirudi chumbani kwake, chini katika nyumba ya kaka yake, akaketi dirishani. Hapo ndipo majira yake ya baridi yalipoanza.

Nitawaambia alivyofanya, maana nilimwona kwa macho yangu. Kila vuli, kwenye gulio la bondeni, alinunua daftari moja, jalada la kitambaa cheusi, kingo za karatasi zimepakwa rangi nyekundu. Kabla ya kununua alilifungua katikati akatia pua.

“Dada, hilo si samaki,” mwuzaji alimwambia. “Halijaoza.”

“Nitajuaje bila kunusa? Mwaka juzi uliniuzia lililonuka panya.”

Kalamu yake ilikuwa na mpini wa mti wa mpea, aliuchonga mwenyewe. Nibu, ile ncha ya chuma, aliifuta kwa kipande cha shati la marehemu baba yake. Wino ulikuwa wa zambarau, na baridi ikizidi uliganda chupani, basi akaitia chupa kwapani, akakaa nayo hivyo akisoma kitabu mpaka uyeyuke. Dirishani alipanga matufaha ili chumba kinukie. Juu ya jiko birika lilichemka taratibu, ndani yake maua makavu ya mti wa mlinde, chai yetu ya baridi. Aliandika mistari michache, akaikausha, akasoma, akaandika tena. Ukimwangalia ungedhani mtu anayekula kitu kitamu na hataki kiishe.

Na alichoandika kilikuwa na mpango wake. Kwanza tarehe. Halafu theluji, imefika wapi. Halafu kuni. Halafu kitabu anachosoma. Mwisho kabisa, mstari mmoja tu juu ya mtu mmoja aliyemwona siku hiyo. Mmoja, hazidishi. Mwenyewe aliuita mstari wa mtu.

Ubaya ni kwamba dirisha lake lilitazamana na bomba la maji, na upande wa pili na mlango wa ofisi ya baraza la kijiji, penye simu pekee. Kila mwanamke aliyekwenda na ndoo aliona mkono ule ukitembea.

“Anaandika nini huyo kutwa?”

“Theluji, ati.”

“Theluji inaandikwa? Si inaanguka yenyewe tu?”

“Basi yeye ndiye karani wake.”

Jina likaganda. Karani wa Theluji. Wakimkuta njiani: “Karani, umeshaniandika leo?”

“Bado,” Bisera akajibu. “Fanya kwanza jambo la maana.”

Hakuwa njiwa, msidhani. Mchumba aliletwa akamkataa kwa sababu, alisema, alikuwa akilamba kidole akifungua kurasa. Lakini mimi alinipenda. Nilikuwa bibi harusi mpya, nina miaka ishirini na miwili, na nilikwenda kwake kuazima vitabu kwa kisingizio cha kuomba chachu. Siku moja alinipa kalamu yake. “Andika jina lako, nione.” Nikaandika kwenye kipande cha karatasi. Akakitazama kwa muda, akasema, “Mwandiko huu unapotea kwenye orodha zako za sufu.” Kauli hiyo nimeibeba mpaka leo, na wala si nyepesi.

Majira ya baridi ya mwaka hamsini na moja yalikuja na amri juu ya nguruwe. Kila anayechinja nguruwe siku za Krismasi amchune, ngozi aipeleke serikalini. Sasa kwetu nguruwe aliyechunwa si nyama, ni msiba. Nguruwe hubabuliwa kwa moto wa majani ya ngano mpaka ngozi iwe kama dhahabu, ikakatwa vipande vidogo, ikatiwa chumvi, ikaliwa ingali moto. Amri ikasema hapana. Watu wakachuna huku wakilaani.

Ilcho hakuchuna. Huyu alikuwa kaka yake Zlata, na Zlata alikuwa wifi yake Bisera, mke wa kaka yake, anakaa juu ya chumba chake. Ilcho alimbabua nguruwe wake ghalani alfajiri, theluji ikianguka ili imeze moshi. Kisha akazunguka na sahani, akawapa ndugu na majirani kila mmoja kipande cha ngozi. Sisi pia alitupa. Mume wangu Gancho alikula vipande vitatu na kulamba vidole.

“Huyu Ilcho ana mkono mzuri,” Gancho akasema.

Siku ya tatu polisi wawili walipanda mlima kwa gari la farasi la kuteleza. Wakamchukua Ilcho na mabaki ya nguruwe wake, wakawalaza pamoja garini.

Hapo ikaanza. Nani kasema? Ghala lilikuwa limefungwa, moshi haukuonekana, aliyejua ni aliyekula. Lakini mtu aliyekula hapendi kusikia hivyo, kwa hiyo tukatafuta asiyekula. Bisera hakupewa kipande, kwa kuwa Zlata hakumpenda.

“Nani kazi yake ni kuona?” Zlata aliuliza bombani, ndoo imejaa na inamwagika, hajali. “Nani kaingia, nani katoka, tarehe ngapi? Karatasi zile huenda wapi?”

Hakuna aliyekumbuka kwamba njia ilikuwa imefungwa na barua hazishuki. Miaka ile mtu aliyeandika kila siku bila kulazimishwa alikuwa na maana moja tu: anawaandikia polisi.

Zlata akamsimamisha wifi yake uani, sisi tukiwa tumeegemea uzio tumetega masikio.

“Wifi, ndugu yangu umemuuza kwa chupa ngapi za wino?”

“Zlata, huna kitabu kichwani. Nikikupa daftari utalishika juu chini.”

“Ndiyo, nitukane! Una madarasa saba, nitukane!”

“Sikutukani. Tafuta anayejua kusoma, akusomee. Mwite Velika. Yasomwe yote mbele ya watu. Mimi sina la kuficha isipokuwa matumizi ya kuni za kaka yangu.”

Mwite Velika. Alisema hivyo mwenyewe.

Zlata hakuniita siku ile. Alingoja Jumapili ya Msamaha, kabla ya Kwaresima, tunapowasha moto mkubwa kilimani, na kila mdogo humwendea mkubwa wake akabusu mkono na kusema, “Nisamehe.” Na mkubwa husema, “Umesamehewa.” Siku ile hakuna kukataa. Anayekataa dhambi humrudia yeye. Jua lilikuwa linazama, watoto wanaruka moto, mayai yananing’inizwa kwenye uzi wayadake kwa meno. Zlata akaja na kapu la nguo. Ndani yake madaftari kumi na tisa.

“Velika! Wewe ndiye msomi. Karani mwenyewe kakutaja. Soma.”

Watu wakakusanyika. Chini njiani nilimwona Bisera anapanda, siku ile alikuwa amechelewa kufunga nyumba ya kusomea, anakuja bila haraka kama mtu aendaye kupokea haki yake. Nilichukua daftari la juu kabisa. Lilikuwa la majira yale yale, halijajaa. Likafunguka lenyewe.

Naujua ukurasa huo kama sala ya Baba Yetu. *Tarehe 27 Desemba. Theluji tangu alfajiri, inafika magotini. Kuni, mizigo miwili, mibichi, inalia motoni. Kitabu, kurasa arobaini, mchawi bado hajafa. Gancho wa Velika aliingia ofisi ya baraza kofia mkononi, akakaa hadi taa zikawashwa, akatoka akijifuta mdomo.*

Ishirini na saba. Siku moja baada ya sahani.

“Eh, limeandikwa nini?” Zlata akauliza.

Gancho alikuwa amesimama upande wa pili wa moto, anamshikia mtoto wa jirani asianguke. Alikuwa akicheka. Nililifunga daftari.

“Tumo wote,” nikasema. “Majina yetu yote. Nyumba kwa nyumba.”

Sikuongeza neno. Halikuhitajika. Zlata akatupa la kwanza, na mwenzake la pili, wakapokezana kama wanawake wanaopakua mikate. Yale majalada meusi yalijikunja, kingo nyekundu zikafumuka, ukurasa mmoja mmoja ukiruka juu na maandishi yake ya zambarau yanaonekana kwa dakika, kisha basi. Walipiga makofi. Mmoja akasema, “Hata yanawaka vizuri, mafuta ya watu yamo.” La kwangu nililitia chini ya koti la ngozi ya kondoo. Kwa nini sikulitupa? Nataka kusema niliona aibu. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kama mimi mwenyewe nimo.

Bisera alifika yakiwa yanaingia ya mwisho. Midomo yake ilikuwa ikicheza, nikadhani anasali.

“Kumi na nane,” akasema.

“Amerukwa na akili,” watu wakacheka.

Kisha Zlata akainama mbele yake, mikono ina masizi, akabusu mkono wake kwa mbwembwe. “Nisamehe, wifi. Nimekufagilia chumba.”

Kicheko kikapanda mpaka kwenye miti. Bisera akasubiri kiishe. “Umesamehewa.”

Wakaja wengine mmoja mmoja, maana mchezo ulikuwa mtamu. Nisamehe, Karani. Umesamehewa. Nisamehe, nilisahau kuleta kuni. Umesamehewa. Mimi nilikuwa wa mwisho. Kona ya daftari ilinichoma ubavuni.

“Nisamehe, dada Bisera.”

Alinyoosha mkono akanifunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka, pale pale juu ya daftari, kama mama anavyomfunga mtoto anayekwenda shule. Alikibonyeza kidogo.

“Mwaka kesho, Velika.” Hakukataa, wala hakusamehe.

Mwaka uliofuata nilikwenda, maana watu wangeona nisipokwenda. Nikabusu mkono. “Mwaka kesho.” Na mwingine. “Mwaka kesho.” Wengine walidhani uzee umemwingia mapema.

Mtaniuliza kwa nini hakumtaja Gancho. Nani angemsadiki? Shahidi wake lilikuwa daftari, na shahidi alikuwa tumboni kwangu.

Baada ya moto hakuna aliyeazima kitabu tena. Mwaka huo huo nyumba ya kusomea ikafungwa, vitabu vikaliwa na panya wale wale aliowaogopa Bisera. Watoto walifinyanga theluji na kokoto ndani yake, wakalenga dirisha lake, na mama zao wakatazama pengine. Ilcho alirudi baada ya miaka mitatu ya kuvunja mawe, anakohoa damu. Kila asubuhi alijikokota mpaka lango la Bisera, akatema, akarudi. Wengine walisema hiyo ndiyo iliyomweka hai. Alitema miezi kumi na nne, kisha akafa. Gancho alibeba jeneza upande wa kichwa. Wakati huo alikuwa ameshafanywa mkuu wa kituo cha maziwa.

Mimi sikumwuliza. Naye hakusema. Tulilala kitanda kimoja miaka thelathini na mitano, katikati yetu daftari.

Nililificha ndani ya sanduku la unga, limefungwa kwa kitambaa. Theluji ikianguka na Gancho akiwa kituoni, nililitoa nikasoma. Nilisoma jinsi alivyokaa siku nzima na kitabu kwa sababu upepo ulizuia hata kwenda kuchota maji, na alivyofurahi. Jinsi nibu mpya inavyokwaruza siku mbili kabla ya kukubali mkono. Jinsi tufaha la dirishani linavyonuka zaidi siku moja kabla ya kuoza. Siwezi kuwaeleza utamu ule. Nilikuwa nakula majira ya baridi ya mtu mwingine, naye ng’ambo ya uzio ameketi dirishani mikono mapajani, mitupu. Na mimi nilikuwamo, mara moja. *Velika alikuja kuomba chachu na kuchukua kitabu. Huyu atasoma.*

Mwaka mmoja nilikuwa nyuma yake kwenye gulio. Alichukua daftari jeusi, akalifungua katikati, akatia pua, akalirudisha.

“Hununui, dada?” mwuzaji akauliza.

“Nililo nalo halijajaa.”

Hakugeuka nyuma. Lakini alisema kwa sauti.

Gancho alikufa mwaka themanini na saba, kifo chepesi asichostahili, usingizini baada ya supu ya maharage. Nikangoja siku arobaini. Nikangoja tena mpaka theluji ifunge njia. Sitajisifu kwamba dhamiri ilinisukuma. Sikuwa tena na mtu wa kumwogopea, basi.

Bisera alikuwa na miaka sabini, macho yameingia maziwa. Alikuwa palepale dirishani.

“Nani?”

“Velika.”

“Leo si Jumapili ya Msamaha.”

Nilimwekea daftari mapajani. Vidole vyake vikaenda kwenye kingo, kisha akalifungua katikati akatia pua.

“Linanuka unga.”

“Lilikuwa kwenye sanduku.”

“Miaka thelathini na mitano kwenye unga. Mmekula mikate yenye theluji yangu.” Akahesabu karatasi za mwisho kwa kidole gumba, bila kukilamba. “Kurasa ishirini na tatu tupu. Hukuandika hata jina lako?”

“Hapana, dada.”

“Ungeandika. Una mwandiko.” Akanirudishia. “Ishirini na saba Desemba. Soma.”

Nikasoma. Sauti ilinitoka kama ya kuku.

“Tena.”

Nikasoma tena. Akachukua fimbo yake akagonga dari mara tatu. Zlata akashuka, mzee, miguu imevimba, anahema.

“Nini tena, wifi? Nina supu motoni.”

“Velika ana kitu cha kukusomea. Alichelewa kidogo.”

Nilisoma mara ya tatu. Zlata alisimama ameshika mlango. Hakuelewa upesi, nililiona likimwingia polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu.

“Alibeba jeneza,” akasema. “Gancho. Alibeba upande wa kichwa. Nilimpa shati la marehemu, la ukumbusho. Velika, nilimpa shati!”

“Najua. Alilivaa,” nikasema. Sijui kwa nini nilisema.

Alinitemea. Hakuwa na mate mengi, lakini yalinifika. Kisha akamgeukia Bisera. “Wifi… wifi yangu, mimi…”

“Wewe nilikusamehe siku ile ile, kilimani, mbele ya watu. Umesahau? Ulicheka sana. Nenda juu, supu inaungua.”

Zlata akapanda ngazi. Tulisikia kila kipandio. Halafu tukasikia juu ya vichwa vyetu kitu kizito kikiketi sakafuni, na hakikunyanyuka kwa muda mrefu.

“Kalamu iko kwenye droo,” Bisera akasema. “Na chupa. Wino utakuwa umekauka. Tia maji ya birika, matone matatu, utikise.”

Nikafanya. Mpini wa mpea ulikuwa na alama za meno yake.

“Ukurasa tupu wa kwanza. Tarehe ya leo. Theluji imefika wapi?”

Nikatazama nje. “Chini ya bomba.”

“Andika. Kuni?”

“Mzigo mmoja.”

“Andika. Kitabu hakuna, macho yameniacha. Andika hivyo hivyo.”

Niliandika. Nibu ilikwaruza, kisha ikakubali. Herufi zangu zilisimama wima kama zile za shuleni, mkono haukunisaliti. Birika lilikuwa linachemka, na nitasema lililo kweli ingawa ni aibu: niliona raha.

“Sasa mstari wa mtu,” akasema. “Andika vizuri, usiparaze. Velika alileta daftari. Aliomba asamehewe.”

“Sijaomba bado, dada.”

“Omba.”

Nilipiga magoti kwenye sakafu ya mbao, nikabusu mkono uliokuwa baridi kama chuma. “Nisamehe, dada Bisera.”

“Umeandika kwamba uliomba?”

Nikainuka, nikaandika.

“Ongeza. Nimemwambia mwaka kesho.”

Nikachovya kalamu. Alingoja kusikia nibu. Nilipoandika neno la mwisho nikalikausha, akaniambia nimsomee tangu tarehe, nikamsomea, naye akatikisa kichwa taratibu kama mwalimu.

“Mwandiko ukoje?”

“Mzuri.”

“Najua. Kesho njoo mapema, kabla mwanga haujapungua. Zimebaki kurasa ishirini na mbili.”